Mwaka wa Ruksa

Tulipomaliza kumzika mama mkwe wangu, mwezi uliopita, kazi ya kwanza niliyoifanya ilikuwa kukamua. Watu walikuwa bado wananawa mikono kwenye beseni pale uani, kina mama wanatafutana kanga, katekista anakunja joho lake, nami nikachukua ndoo nikaenda bandani na viatu vyangu vya kanisani miguuni, kwa sababu saa kumi na moja ilikuwa imekwisha kupita na nilimsikia yule mwekundu akilalamika. Ng'ombe huwezi kumweleza habari za msiba. Nikakaa kwenye kigoda, nikaegemeza paji la uso ubavuni kwake, na hapo ndipo nilipolia sawasawa. Kaburini nilikuwa nimelia kwa sababu wengine walilia. Bandani nililia kwa ajili yangu mwenyewe, maziwa yakigonga ndoo, na yule ng'ombe akasimama kimya kuliko siku zote. Yeye ni mzao wa Ruksa, sijui wa ngapi, tuliacha kuhesabu. Ruksa ndiye aliyeanzisha yote, yeye na Mama, na mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule waliponifundisha kukaa katika nyumba hii.

Sitaeleza ukoo wangu wala jinsi nilivyokutana na Kanisius. Waliotaka kujua walishauliza na wakajibiwa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, natoka Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa Waanglikana wanaokula usipa, dagaa wa ziwani, na muhogo, nikaolewa juu milimani Umatengo, kwa Wakatoliki wa kahawa na maharage. Kanisius alinifikisha kwao mwezi wa Novemba, akakaa nami majuma mawili, akarudi Songea kumalizia chuo cha ualimu. Aliniachia sanduku lake la bati, redio isiyo na betri, na familia nzima. Lugha yao sikuijua. Mimi nilikua na Kimpoto, wao walisema Kimatengo, na tulipokutana ilikuwa kwa Kiswahili cha shuleni na sokoni, ambacho Mama alikisema polepole, akifuta kwanza mikono yake kwenye kitenge, kushoto na kulia, utadhani maneno nayo yanashikwa kwa mkono. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, asiyependa maneno mengi. Miezi ya kwanza nilimwogopa vibaya sana. Walipozungumza wenyewe kwa wenyewe nilikuwa naokota neno moja hapa na jingine pale, na neno nililoliokota mara nyingi kuliko yote lilikuwa "Mnyasa", ambalo sikuhitaji kutafsiriwa.

Juma lile lile nililofika mimi, alifika ng'ombe. Baba mkwe alimtoa kwenye shamba la masista, akamwongoza kwa kamba siku mbili kwa miguu, mtamba mwekundu mwenye baka jeupe tumboni na sikio moja lenye pengo. Ilikuwa miaka ile ambapo kila kitu kilikuwa ruksa: ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua duka, ruksa kwa mnunuzi binafsi kupandisha lori lake mpaka mlangoni kwako kuchukua kahawa ambayo zamani ilikwenda ushirika tu. Watu walilitamka neno lile kwa kicheko, na wengine kwa wasiwasi, maana pamoja na ruksa zote hizo mbolea ya dukani ilikuwa haishikiki tena, na ushirika uliokuwa ukiileta ulikuwa unakata roho. Baba alikuwa mtu wa kufikiri kimyakimya. Alifikiri mvua nzima, kisha akaamua kwamba kama mbolea haiji kwa lori, itakuja kwa miguu minne. Mibuni ingepata samadi, watoto wa ukoo wangepata maziwa. Akamwita ng'ombe wake Ruksa, na jina hilo lilikuwa mzaha pekee niliopata kumsikia Baba akiufanya maisha yake yote.

Aliyekuwa hataki kabisa kumwona ng'ombe yule ni Babu, baba yake Baba, mkuu wa mlima wetu. Nasema mlima wetu kwa sababu ndivyo wanavyoishi Wamatengo: ukoo mmoja una mgongo wake wa mlima, mito miwili inapakana nao huku na huku, na nyumba zote zilizomo ni za watu wa damu moja. Babu hakuwa na chuki na wanyama. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni ngoro. Kwa asiyezijua, ngoro ni mashimo wanayolimia Wamatengo katika miteremko ambayo sisi wa ziwani tungeogopa hata kuipanda. Mwezi wa Machi wanaume wanafyeka majani ya shamba lililopumzishwa, wanayaacha yakauke, halafu wanayalaza chini kwa mistari, mingine ya kushuka na mingine ya kukatiza, mlima mzima unakuwa miraba miraba. Kisha wanawake wanaingia, kila mmoja anasimama katikati ya mraba wake, anachimba udongo na kuyafunika yale majani. Katikati panabaki shimo la kushika maji ya mvua, na kingo zake ndizo zinazopandwa maharage, juu ya majani yanayooza taratibu na kuwa chakula. Bila majani hakuna ngoro, na bila ngoro udongo wote unashuka mtoni. Babu alimtazama Ruksa siku ile ya kwanza, akamtazama mwanawe, akasema kwa Kiswahili ili na mimi nisikie: "Mlima huu una mdomo mmoja tu wa kula majani. Huyu akigusa ngoro hata mara moja, atarudi alikotoka." Halafu akanigeukia, akacheka na meno yake manne. "Na wewe mke wangu, usiogope. Wewe huli majani."

Kazi ya kumtunza Ruksa nilipewa mimi, kwa sababu kila mtu mwingine alikuwa na kazi yake na mimi sikuwa na lolote nililoliweza. Sikujua kuchimba ngoro. Kahawa nilikuwa sijawahi kuiona ikiwa mtini. Mama alinikabidhi kamba na nyengo ya kufyekea, akasema, "Wewe mgeni, yeye mgeni. Mtafahamiana." Na kweli tulifahamiana. Nilimkatia majani mtoni, nikamchotea maji, nikamtoa kupe mmoja mmoja, na nilipokuwa peke yangu naye nilimsimulia mambo ya Mbaha kwa Kimpoto, kwa kuwa ndiye pekee katika mlima ule ambaye hakucheka lafudhi yangu. Nyuma ya banda kulikuwa na njia ya kupanda hadi kileleni, na siku zisizo na ukungu, ukisimama pale, unaliona ziwa kwa mbali upande wa magharibi, kipande chembamba kinachong'aa. Nilikuwa natafuta visingizio vya kwenda kukata majani kule juu. Nilidhani hakuna aliyejua. Leo ninapomwona mke wa mwanangu akichukua simu na kwenda kusimama nyuma ya banda bila sababu, najua kwamba Mama alikuwa anajua.

Hapa lazima nieleze habari ya ugali, ingawa ni aibu yangu. Kila siku jua linapoegemea milima, nyumba zote za mlima ule zilipeleka chakula kwa Babu. Wanaume walikaa pamoja barazani kwake, wanawake na watoto jikoni, na vyakula vyote vikaliwa na wote. Wenyewe wanaita sengu. Hapo ndipo watu waliposhiba, na hapo hapo ndipo kesi zilipoamuliwa, mzee mmoja akitafuna, mwingine akitoa hukumu. Sasa, kwetu tulisonga ugali wa muhogo, ambao ukiweka unga mara moja tu unakaza wenyewe. Ugali wa mahindi wa Wamatengo unataka unga juu ya unga, mkono juu ya mkono, mpaka mwiko usimame bila kushikwa. Siku yangu ya kwanza nilisonga kama nilivyozoea. Ulipopelekwa barazani ukatambaa sahanini. Nilikuwa jikoni kwa Babu, nyuma ya ukuta wa matofali mabichi wenye kidirisha kidogo, nikasikia kicheko cha Otmari, kaka yake Kanisius, shemeji yangu. "Jamani, leo tunywe au tule?" Siku ya tatu Mama alinipokonya mwiko bila hasira. "Wewe pika mboga, mwanangu. Ugali niachie." Tangu hapo ugali wa nyumba yetu ukawa wa Mama, na wangu ukawa hadithi ya kuchekea.

Kufikia Februari nilikuwa na mimba, na chakula kikanikataa. Maharage yalinitoa machozi kwa harufu tu. Nilikonda hata kanga ikawa inanizunguka mara mbili. Siku moja, tumekaa jikoni tunachambua mbegu, Mama akaniuliza, macho yake yakiwa kwenye ungo, "Kama ungekuwa kwenu sasa hivi, ungekula nini?" Nikamjibu bila kufikiri: ugali wa muhogo na usipa wa kukaanga. Nilipokwisha kusema nikaanza kulia, na nikaona haya kwa kulilia ugali. Mama hakunibembeleza. Alipepeta mbegu zake, akapuliza makapi, akasema tu, "Hm."

Majuma mawili baadaye ngoro zikaanza. Ni wakati ambao hakuna mwanamke anayetoka mlimani; mvua iko ukingoni, maharage lazima yaingie ardhini, na Babu alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote. Baba alikuwa Songea juma lile kwenye mkutano wa wakulima wa kahawa. Jumatatu, kabla mlima haujaamka, Mama alinishika bega nikiwa nawasha moto. Alikuwa amejifunga vitenge viwili na amebeba kapu. "Nashuka ziwani," akasema. "Kesho kutwa nitarudi. Babu hajui, wala asijue." Nikamwuliza, nitasema nini wakimtafuta shambani? "Shamba letu bado linalazwa majani, kazi yangu haijafika. Kina mama nimewaambia hivyo. Wewe pika, peleka chakula kwa wakati. Wanaume wakishaona chakula hawaulizi mpishi. Na huyo ng'ombe wako asilale na njaa." Akaondoka. Sikuthubutu kumwuliza anafuata nini. Nilidhani ana jambo lake la kiukubwa, ugonjwa labda, na nikakaa na hofu hiyo tumboni pamoja na mtoto.

Jumatatu ilipita salama. Jumanne asubuhi mto ulikuwa umejaa, nisingeweza kuvuka kwenda kwenye majani yangu ya kila siku. Ruksa alikuwa ananililia na tumbo lake limeshuka, ndama akigeuka humo ndani hata ukaona ngozi ikisogea. Nikapanda mlima na kamba yangu. Karibu na kilele, kwenye shamba letu lenyewe, nikakuta kitu ambacho machoni pangu kilikuwa baraka: majani makavu, safi, yamekwisha kukatwa na yamepangwa chini kwa mistari mizuri, ya kushuka na ya kukatiza. Najua mnavyocheka. Lakini nilikuwa sijawahi kuona ngoro ikianza. Nilizikuta za zamani, zenye udongo na mahindi juu. Nilisikia wanaume wanalaza majani, na kwa Kiswahili changu nilielewa kwamba majani yanalazwa yapumzike, yakauke, kama sisi tunavyolaza usipa juani. Nikajiambia, Mungu ambariki shemeji Otmari, kumbe pamoja na maneno yake yote amemkatia Ruksa akiba. Nikaanza kufunga mizigo. Nilishuka na kupanda, kupanda na kushuka, mpaka alasiri. Nilifagia robo nzima ya shamba, nikaacha udongo mtupu kabisa, na kwa sababu nilifundishwa usafi nyumbani, yale yaliyobaki nikayakusanya kwa mikono. Ruksa alikula alichoweza. Kilichozidi nilimtandikia alalie. Nakumbuka nilikaa mlangoni mwa banda, mgongo unaniuma, nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu Novemba, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nimefanya kazi kubwa bila kuelekezwa na mtu.

Jumatano mchana Otmari alipanda kumalizia mistari yake. Nilimsikia kabla sijamwona. Aliteremka mbio, akapita bandani, akatazama chini ya kwato za Ruksa, akatazama mkojo uliolowesha kazi yake ya siku nne. Hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha. "Shemeji," akaniambia taratibu, "unajua ulichokifanya?" Nikasema sijui. Akanieleza kwa maneno machache, akaenda kwa Babu. Mimi nilibaki nimeshika kamba ya ng'ombe. Hata mara moja, alisema Babu, atarudi alikotoka. Na nikaona wazi kabisa, kama mtu anayesomewa barua, kwamba Ruksa angeondoka kabla hajazaa, kwamba Baba angerudi kutoka Songea akute banda tupu, na kwamba mwanamke aliyempoteza ng'ombe wa nyumba hana sababu ya kubaki katika nyumba hiyo. Nilianza hata kukunja nguo zangu kwenye sanduku la Kanisius. Nilitamani mama yangu mzazi awepo.

Mama ndiye aliyeingia. Alikuwa na vumbi jekundu hadi magotini, mikwaruzo ya miiba mikononi, na kapu limemlemea bega. Akaniona nakunja nguo. Nikamweleza yote, nikipaparika, na alisikiliza amesimama, hata kapu hajalitua. Nilipomaliza akaliingiza kapu mvunguni mwa kitanda chake, akanawa miguu kwenye beseni, akabadili kitenge. "Chakula kimeiva?" akauliza. Nikasema kimeiva. "Tubebe." Tukaenda kwa Babu, yeye mbele na mboga, mimi nyuma na ugali wangu niliokuwa nimeshausonga, laini kama kawaida, na sikuwa na nguvu ya kuuonea haya.

Kesi iliamuliwa kwa Kimatengo. Mimi nilikuwa jikoni na kina mama, hakuna aliyekula, wote tumetega masikio kwenye kidirisha. Nilisikia sauti ya Otmari, ndefu, ya kulalamika. Nikasikia Babu akiita, na Mama akafuta mikono yake kushoto na kulia, akatoka. Alisema maneno machache sana. Katika hayo yote niliokota moja tu: ruksa. Sikujua kama anamtaja ng'ombe au anataja ruhusa. Mama akaondoka mbele yao, Babu akasema jambo kwa sauti ya chini, wanaume wakaguna, na nikasikia mikono ikirudi sahanini. Mama alipoingia alikaa karibu nami, akamega tonge, akaninong'oneza bila kunitazama: "Nimesema nilikupa ruksa mimi. Nimesema jana asubuhi nilikupeleka mwenyewe nikakuonyesha majani, kosa ni langu. Ukiulizwa, ni hivyo hivyo." Mwanamke yule, ambaye jana asubuhi alikuwa Mbaha, alisimama mbele ya wazee wa mlima wake akadanganya na mavumbi bado yako kwenye kucha. Ng'ombe alibaki. Mimi nilibaki. Sikuulizwa na mtu yeyote, siku ile wala nyingine.

Kesho yake alinipikia kilichokuwa kapuni. Alikuwa ameshuka mpaka kwa mama yangu mzazi, akalala usiku mmoja, akapanda na unga wa muhogo na usipa wa kukaushwa uliofungwa kwenye majani ya mgomba. Alinisongea ugali wa muhogo vile alivyoonyeshwa na mama, akanikalisha mlangoni ambapo moshi haufiki, akakaa mbele yangu akanitazama nikila. Nilikula wote. Alinywa maji, akasema, "Mama yako ni mzima. Anasema una kichwa kigumu." Baada ya hapo tulibeba matandiko ya Ruksa, yenye samadi na harufu yake, tukayarudisha mlimani mzigo kwa mzigo, tukayalaza upya kwenye mistari, naye akanifundisha kusimama katikati ya mraba na kutupa udongo. Otmari alipita juu ya njia, akaziba pua, akaniuliza kama kwetu Mbaha tunapanda maharage chooni. Nilijua basi kwamba amenisamehe. Maharage ya robo ile yaliota majani makubwa ya kijani kibichi na yakazaa kidogo kuliko yote. Mahindi yaliyofuata ndiyo yaliyomfanya Babu asimame pale na fimbo yake na kuuliza, kama mtu asiye na haja ya jibu, ile samadi inapatikana kwa wingi gani. Baba alipanda mabingobingo kando ya mto ili Ruksa awe na chakula chake. Mwezi wa Juni, katika baridi ile inayouma masikio, Ruksa alizaa jike. Agosti nikazaa mimi, wa kiume. Babu alikuja kutuona sote siku moja moja, bandani kwanza, halafu kwangu, na nilimsamehe mpangilio huo.

Siku mlima wetu ulipoanua matanga ya Mama, tulikaa pale pale palipokuwa baraza la Babu. Sengu haipo tena kama zamani. Kila nyumba inakula kwake, vijana wako Mbinga mjini na Songea. Lakini siku ile tulikula pamoja. Kanisius alikuwa anapanga viti. Kila mtu aliombwa aseme neno juu ya marehemu, na zamu yangu ilipofika nikasimama, nikafuta mikono yangu kwenye kitenge, kushoto na kulia, nikajikuta nasema lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Nilisema sikutumwa na mtu kuchukua majani ya ngoro. Nilisema Mama hakuwepo. Siku ile alikuwa ziwani kunitafutia unga wa muhogo, bila ruhusa ya Babu, na kwa ajili yangu aliwadanganya wazee. Nilisema sikuwahi kumshukuru, kwa sababu kumshukuru kungekuwa kulitoa jambo lile nje, na tulikuwa tumelifungia ndani miaka yote sisi wawili. Nikaomba mlima unisamehe mimi, na umsamehe yeye.

Otmari, ambaye sasa ni mzee wa mlima na fimbo ya Babu iko mkononi mwake, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho. "Shemeji," akasema, "mlifungia nini ninyi wawili? Jumatatu uliletwa ugali kutoka nyumba yenu, unatambaa. Jumanne tena, unatambaa. Kuna mtu hapa asiyejua mkono wa mama yangu? Jumatatu ile ile tulijua hayupo. Na alionekana akishuka."

Nikamwuliza, basi kwa nini hawakusema?

"Mimi nilitaka kusema. Mama alipoondoka mbele yetu, na uongo wake, nikafungua mdomo. Babu akanizuia. Akasema: tukimkamata mkwe kwa majani, itabidi tumkamate na mama mkwe wake kwa safari, na safari yenyewe ni kwa ajili ya tumbo la yule binti. Mama mwenye nyumba amesema ruksa, basi ni ruksa. Atakayelisema hili nje, asije kula hapa." Otmari akaitazama fimbo. "Halafu akaivuta sahani yako, akaila peke yake. Akatuambia, ninyi mna meno, acheni kelele. Tangu huyu binti anyang'anywe mwiko, hizi ndizo siku mbili nilizokula nikashiba."

Mke wa mwanangu akanishika kiwiko. Otmari akafungua mdomo wake akanionyesha, kama anavyomwonyesha daktari, na kweli mlikuwa mmebaki mapengo. "Na mimi sasa zamu yangu," akasema. "Nenda kapike, Mnyasa. Ule wako."

Nikaingia jikoni. Maji yalikuwa yanachemka, unga uko kwenye ungo, kina mama wakanipisha. Miaka yote hii nimesonga ugali kama alivyosonga yeye, unga juu ya unga, mpaka mwiko usimame. Nikatia unga, nikasonga, nikatia tena, na mkono ukaenda wenyewe kwenye ungo mara ya tatu. Nikaurudisha. Nikaepua.